Mashine Iliyouliza Naondoka Lini

Wacha nikiri mapema ili tusisumbuane huko mbele: nilikuwa mwongo wa saa. Mambo mengine niko sawa. Nimebeba maziwa ya watu miaka sita na sijawahi kuongeza hata tone la maji. Lakini ungenipigia simu uniulize niko wapi, ningekuambia niko njiani, nami nimesimama uani na taulo kiunoni, natafuta soksi ya pili. Kwetu Mogogosiek hatukuona kama hilo ni uongo. Tuliliona ni adabu. Mtu anakungoja, roho inamchemka, wewe unamtuliza kidogo ili asiteseke bure. Ukisema umefika, umeamka. Ukisema unamwona, umefunga mlango. Kila mtu anajua na hakuna anayekasirika.

Nalieleza kwa sababu nusura nikose mke kwa ajili yake. Na kila nikikumbuka nilivyompata nacheka peke yangu kwenye usukani, mpaka wachumaji chai wa kando ya barabara wananipungia mkono wakidhani nawasalimu wao. Nawapungia pia. Nina furaha ya kugawa.

Kazi yangu ni kuendesha kigari cha chama cha wafugaji. Ni kidogo, cheupe, kinatumia stima, na asubuhi kinapeleka maziwa na maziwa lala kwenye maduka ya Litein na Bomet. Baba yangu alitoka kule ziwani akiwa kijana, akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai, akaoa mtu wa kwao, akasahau kurudi. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Kipsigis nakisikia chote na kukisema nusu, na ile nusu nyingine wenzangu wananichekea mpaka machozi.

Chama kina banda la mabati karibu na mtambo wa kupoza maziwa. Ukutani kuna soketi sita za kuchajia: moja ya kigari changu, moja ya tuktuk ya kukusanya maziwa vijijini, na nne za boda boda za stima. Zamani zilikuwa soketi tu, unachomeka na kuenda zako. Shida ni kwamba banda zima, mtambo wa maziwa, na kinu cha kusaga mahindi cha jirani vinakula kutoka transfoma moja ndogo iliyokaa juu ya mlingoti kama kuku aliyenyeshewa. Sisi sote tukichomeka pamoja, na maziwa ya asubuhi yameingia, na mtu ameleta magunia mawili kinuni, basi. Paa. Giza. Siku moja stima ilipotea hivyo saa mbili asubuhi na mafundi wakafika alasiri. Maziwa yote yakaharibika. Mama mwenyekiti wa chama, ambaye huwa hapandishi sauti hata akikanyagwa, alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Nimeelewa." Tulikosa mahali pa kuweka macho.

Wiki mbili baadaye akaleta fundi.

Nilitarajia mzee mwenye ngazi. Akashuka mwanamke wa rika langu, viatu vya mpira hadi magotini, nywele zimefungwa na kitambaa cha manjano, begi la vyuma begani. Akatusalimu, "Chamgei," nami kwa kiherehere nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na kwa ile nusu yangu mbaya. Akanitazama sekunde mbili zaidi ya kawaida. Sekunde hizo ninazo hadi leo.

Alifunga kisanduku cheusi ukutani, akavuta nyaya, akafunga vingine vidogo kwenye laini ya mtambo na ya kinu, kisha akatukusanya na kutueleza. Kisanduku hiki, akasema, kinasikiliza. Kinajua mtambo unavuta stima ngapi saa hii, kinu kinavuta ngapi, na transfoma imebakiwa na ngapi. Hiyo iliyobaki ndiyo kinawagawia nyinyi. Maziwa yakiingia na mtambo ukaanza kuunguruma, kinawapunguzia. Mtambo ukipumzika, kinawaongezea. Jioni watu wakipika na kupiga pasi, kinawangojesha. Watu wakishatulia, kinafungulia. Transfoma haitalemewa tena, na hakuna atakayekosa, mradi kitu kimoja.

"Kitu gani?" akauliza mmoja wa wale wa boda.

"Ukichomeka, kitakuuliza kwenye simu unaondoka saa ngapi. Ukiambie ukweli."

Tukatazamana.

Lazima nieleze ni kwa nini tulitazamana. Sisi ni watu wa chai. Kwenye kituo cha kununulia majani, ukifika unaweka kikapu chako kwenye mstari na kuenda kukaa kivulini. Kikapu kinashika nafasi yako. Unaweza kulala, unaweza kuenda kunyonyesha mtoto na kurudi, hakuna atakayegusa. Aliyekuja kwanza anapimiwa kwanza, hata akiwa hana haraka mpaka wiki ijayo. Foleni kwetu ni kitu kitakatifu. Hata pale bandani wale wa boda walikuwa wanapanga kofia zao chini kufuata nani alifika mapema. Sasa huyu anatuambia kisanduku hakijali nani amefika kwanza. Kinajali nani anaondoka kwanza.

"Nyumbani kwenu asubuhi mama akipakua uji," akasema fundi, "anaanza na nani? Aliyeamka kwanza ama anayeenda shule?"

Hapo alitushinda. Ila tulikuwa na ujanja. Siku hiyohiyo jioni kila mtu alipochomeka na simu ikauliza unaondoka lini, kila mtu akabonyeza muda mfupi kuliko yote: dakika thelathini. Mtu anayeenda kulala, dakika thelathini. Mtu ambaye gurudumu lake liko kwa fundi wa pancha huko Litein, dakika thelathini. Mimi pia. Sikufikiria hata kidogo. Kidole kilienda chenyewe.

Kisanduku masikini ya Mungu kikatuamini. Kikaona watu sita wana haraka sawa, kikawagawia sawa, yaani kidogo kidogo. Nusu saa ikaisha, kikajua tumeondoka, kikafunga. Asubuhi tukakuta kila mtu ana nusu. Tukalaani kisanduku. Fundi alipokuja akasoma ile simu yake ya kazi, akacheka hadi akaketi juu ya debe. "Inaonekana nyote mlitoka jana saa moja na nusu," akasema. "Mlienda wapi?"

Alikaa kwetu wiki mbili kuhakikisha kila kitu kinaenda sawa, na mama mwenyekiti akaniagiza niwe nikimchukua asubuhi kutoka chumba alichopanga Litein. Kazi tamu namna hiyo sijawahi kupewa. Siku ya kwanza tulikubaliana saa moja. Saa moja akapiga simu. "Niko njiani," nikasema, mswaki mdomoni.

"Njiani wapi?"

"Hapa kwenye kona ya kiwanda."

Kisha akasema, polepole sana, "Mbona kwangu naona kigari kimechomekwa ukutani?"

Jamani. Katika kudanganya kwangu kote, tangu nizaliwe, hakuna siku niliwahi kushtakiwa na ukuta. Nikamwambia ukweli, kwamba niko na mswaki, na nitafika saa moja na dakika ishirini. Nikafika saa moja na dakika ishirini. Alikuwa amesimama barabarani, akatazama saa ya mkononi, akapanda, na tulipofika mashamba ya chai akasema, "Ile ya pili ilikuwa nzuri." Nikaimba kimoyomoyo hadi bandani.

Nisiwachoshe na yaliyofuata. Mapenzi ya watu wengine yanachosha, yako tu ndiyo matamu. Alimaliza kazi, akaondoka, akaanza kurudi kukagua vitu ambavyo havikuwa na kasoro. Mama mwenyekiti akawa anamwuliza kwa uso mkavu kama kisanduku kina homa tena. Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa tumeshasemezana yote, yamebaki ya wazazi.

Hapo ndipo penye mlima. Baba yake anakaa Kipkelion, na maisha yake yote ya kazi alikuwa mkuu wa kituo kidogo cha reli. Treni ziliisha, yeye hakuisha. Hadi leo nyumba ile inakwenda kwa dakika. Chai ya saa nne ni saa nne. Amebaki na bendera yake ya kijani ya kazi, ile ya kuruhusu treni iondoke, na watoto wake walipokuwa wakienda shule ya bweni alikuwa anasimama getini, saa ikigonga, anawapeperushia. Ukichelewa, haipeperushwi, na unaondoka ukilia. Fundi wangu aliniambia hayo akicheka, lakini jicho lake halikucheka sana. "Ni ya watoto wake tu," akasema. "Mgeni hapeperushiwi."

Mzee aliposikia habari zangu hakuuliza kabila wala mshahara. Aliuliza, "Anafika saa aliyosema?" Binti yake akaanza kukusanya vikombe. Na kuhusu kigari, mzee akasema vigari vya stima ni vya kuchezea watoto sebuleni, na kama binti yake ameacha kazi nzuri ya mjini kufunga visanduku vya kuchajia vitu hivyo, basi angependa aone kimoja kikipanda mlima. "Waje Jumamosi kwa hicho kigari chao," akasema. "Kikifika kabla ya saa sita tutaongea. Kisipofika, nitajua la kufikiri juu ya kigari na juu ya mwenyewe."

Fundi alinipigia kunieleza. Kisha akaongeza lake, kwa sauti ya chini ambayo iliniingia kuliko ya mzee. "Mimi siwezi kuolewa na mtu ambaye hata mashine haiwezi kumwamini."

Nikasema usijali. Unaona neno hilo? Usijali. Hata hapo nilikuwa natuliza.

Ijumaa jioni nilirudi kutoka Bomet, nikaosha kigari mpaka kikang'aa, nikakichomeka. Kichwani nilikuwa tayari Kipkelion, nimevaa koti, naitwa mkwe. Simu ikaniuliza, unaondoka lini? Na mimi, mtu mzima mwenye akili zake, mwenye mke karibu kumpata, nikabonyeza dakika thelathini. Sikujua hata kwamba nimebonyeza. Nikaenda kulala kama mtoto mchanga.

Asubuhi saa kumi na mbili nilifungua mlango wa kigari nikiwa na shati jeupe. Asilimia arobaini na moja. Nilikaa pale. Kutoka kwetu mpaka Kipkelion, kwa kupitia Kericho, na baba na mama na shangazi na wajomba wawili, na kreti mbili za soda, na ile milima yote, nilihitaji karibu mara mbili ya hiyo. Nikabonyeza tena dakika thelathini. Kigari kikaanza kunywa, lakini kwa kijiko. Nikatazama ukutani: soketi zote sita zimejaa. Nikatazama nje: akina mama wanateremka na madebe, maziwa yameanza kuingia, mtambo umeanza kuunguruma. Na kule nyuma jirani alikuwa anawasha kinu.

Nikampigia fundi, aliyekuwa ametangulia kwao Kipkelion. Akapokea mara moja. Mdomo wangu ulikuwa umeshajipanga useme tunatoka sasa hivi. Naapa niliuhisi ukijipanga. Lakini yeye ndiye alitangulia.

"Naona uko arobaini na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Na naona jana uliondoka saa moja na nusu jioni."

Nyuma yake nilisikia sufuria zikigongana na wanawake wakicheka, watu wanaonipikia mimi.

"Hapa nilipo naweza kukusukuma mbele ya wote kwa kidole kimoja," akasema. "Sitaki. Baba ameshatoa kiti getini. Iambie ukweli. Na hao wengine waambie hivyohivyo, kwa sababu wote wamebonyeza tena asubuhi hii kwamba wanatoka ndani ya nusu saa, na nawaona hapo tangu jana." Akakata.

Nilikuwa na hasira kidogo, nisifiche. Nikarusha kofia chini. Kisha nikaiokota, nikaiweka kichwani, nikaandika: saa tatu kamili.

Haikutosha. Wale watano walikuwa bado wananitangulia na haraka zao za uongo. Waendeshaji wenyewe walikuwa kibandani ng'ambo, wanakunywa chai ya maziwa na mandazi, miguu imenyooshwa. Nikaenda nikasimama mbele yao nikasema, "Wandugu, leo naenda kuoa na sina stima." Nikawaeleza yote, mzee, reli, saa sita, asilimia arobaini na moja. Walicheka sana. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mama mwenyekiti alikuwa amekuja na kusimama nyuma yangu na ndoo yake.

"Simu mezani," akasema.

Wakatoa simu.

Nimeona watu wakikiri dhambi kanisani, sijawahi kuona kama asubuhi ile. Wa kwanza akatazama meza, akasema kusema kweli anaondoka saa tano, anapeleka mtu kliniki. Akaandika. Wa pili akasema yeye saa nane, kuna wamama wa kwaya. Wa tatu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba leo haendi popote.

"Sasa umechomeka ya nini?" akauliza mama mwenyekiti.

"Nimezoea tu."

Wa nne alijaribu kukaza. Akasema yeye kweli anatoka saa hii. Mama mwenyekiti akamwambia vizuri, kofia yako hiyo, twende tukusindikize. Jamaa akamung'unya andazi, akasema labda saa saba. Dereva wa tuktuk ndiye peke yake aliyekuwa na haraka ya kweli, na yeye alikuwa amejaa tayari. Akachomoa.

Tukakimbia bandani wote kutazama. Watu wazima sita na mama mmoja, tumesongamana mbele ya kisanduku kama tunaangalia mpira. Na kisanduku kilifanya kile fundi alichokuwa ametuambia tangu mwanzo na hatukusikia. Taa za boda zikageuka rangi, zikatulia, zikangoja saa zao. Yangu ikaanza kupiga haraka haraka. Kijiko kikawa kikombe. Mtambo uliponguruma kwa nguvu kikapunguza, tukakisogelea wote kama tunamwuguza mtu. Jirani alipomaliza gunia na kuzima kinu, kikapanda tena, na mmoja wa wale wa boda akanishika shingo akanitikisa. Saa mbili na nusu mtambo ukapumzika kabisa, na kigari kikanywa kwa ndoo. Hakuna aliyeonewa. Ndicho kitu kilichonishangaza. Hakuna aliyenipa chake. Kila mtu alikuwa na stima ya kumtosha kwa safari yake ya kweli, ni zile safari za uongo tu zilizokuwa zinatumaliza.

Saa tatu kamili nilikuwa na sabini na tisa. Nilichomoa. Baba na mama walikuwa ndani na wajomba. Shangazi alikuwa amesema kwenye simu kwamba amefika, kwa hiyo tulimkuta kwake akijipaka mafuta miguuni. Nikamwambia, kwa heshima zote, shangazi utamalizia ndani. Akapanda na viatu mkononi, akinisema kwa lugha ya kwetu mpaka Litein.

Safari hiyo niliiendesha kama nimebeba mayai. Sikupita mtu, nilipitwa na kila mtu, hata na lori la magogo. Kwenye mteremko nilitoa mguu na kukiacha kigari kijirudishie chaji kidogo, nikaona asilimia moja ikirudi, nikatangaza, na gari zima likapiga makofi. Baada ya Kericho hata shangazi alikuwa anasoma namba kwa sauti. Thelathini na tatu. Ishirini na sita. Mama yangu alikuwa anaomba bila kufumba macho ili aendelee kuiona.

Tulipinda kwenye njia ya vumbi, na getini nikaona kiti. Na mzee kitini. Na koti la kijivu, na saa mkononi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini, na kigari kilikuwa na asilimia kumi na nne.

Akainuka, akawasalimu wazazi wangu, akakizunguka kigari polepole, akapiga boneti kwa vidole viwili. "Kimepanda," akasema.

"Kimepanda, baba."

"Kimebakiwa na ngapi?"

"Kumi na nne."

"Sasa utarudi na nini?"

Fundi wangu alikuwa mlangoni, kitambaa cha manjano kichwani. Uso wake ulibadilika, na ndipo nikajua kwamba kati yetu sote, pamoja na yeye mtaalamu, hakuna aliyekuwa amefikiria kurudi. Pale palikuwa na soketi ya nyumba tu, ile ya redio, na kwa soketi hiyo kigari hujaa polepole kama maziwa ya kugandisha. Na mkwe mtarajiwa hawezi kulala ukweni siku ya kwanza. Hilo ninyi pia mnalijua.

Mzee akanisogelea. "Unaondoka saa ngapi?" akauliza.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu utotoni, lilikuwa limeshafika kwenye meno: jioni hii hii, baba, usijali. Angetulia, wote wangetulia, tungekula. Nikamtazama binti yake.

"Baba, leo siwezi kuondoka," nikasema. "Nilipanga kufika, sikupanga kurudi. Ukiniruhusu nichomeke hapo, kitajaa kesho saa nne asubuhi. Sitasema mapema kuliko hapo, kwa sababu haitakuwa kweli."

Shangazi alivuta pumzi kwa meno. Mzee akageuka akamwambia binti yake, "Mtolee waya mrefu. Huyu atalala kwa jirani." Akaingia ndani, na mlangoni akasema bila kugeuka, "Haya, tuongee."

Tuliongea. Yaliyoongewa ni ya wazee na siwezi kuyaandika hapa, ila mursik, yale maziwa ya kibuyu, ilizunguka, na shangazi alicheza na watu aliokutana nao siku hiyo kama amezaliwa nao. Jioni watu wangu wote walipanda gari la abiria wakarudi, wakiniacha na kicheko. Mimi nikalala kwa jirani, nikiamka kila mara kwa furaha tu.

Jumapili asubuhi nilikaribishwa chai. Fundi alinimiminia, akaketi upande wangu wa meza, na tukasahau saa. Tulikuwa tunacheka juu ya shangazi na mafuta yake. Kigari kilikuwa kimejaa. Nikatazama dirishani.

Mzee alikuwa amesimama getini, kiti kimeondolewa, koti limefungwa vifungo vyote. Saa iko mkono wa kushoto, ameiinua. Mkono wa kulia uko nyuma ya mgongo. Nikainuka kikombe kikiwa nusu, nikatoka mbio, nikachomoa waya, nikaingia.

"Saa nne," akasema.

"Naondoka sasa hivi, baba."

Na nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona fundi amekuja kusimama kando yake, kikombe changu mkononi, na mzee akautoa ule mkono nyuma ya mgongo, akainua bendera ya kijani, akaipeperusha mpaka nikapinda.